Eksteno imejaa na inalia tik-tik, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpiga picha wa harusi, sendofu na kicheni pati hapa Tanga. Laptopu ilipojaa nilinunua eksteno, ile diski ya kuchomeka nje, ya terabaiti 2, nikahamishia humo kazi zote za tangu 2019, nikazifuta kwenye laptopu. Sasa nayo inakaribia kujaa, na wiki hii imeanza kuchelewa kufunguka na kutoa mlio wa tik-tik. Wateja wa zamani bado hunipigia simu kuulizia picha zao. Nimeona flashi ya terabaiti 2 inauzwa elfu thelathini. Niinunue nihamishie humo, au nipandishe kila kitu Google?
Mpiga picha, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo eksteno ichomoe sasa hivi, halafu urudi tuendelee kusoma.

Ndani ya diski ya namna hiyo mna visahani vinavyozunguka kwa kasi, na juu yake kichwa kidogo kinachosoma bila kuvigusa. Tik-tik inayojirudia mara nyingi ni dalili ya kichwa kinachotafuta njia na kuikosa, na kila ukiiwasha unaweza kuwa unaongeza mkwaruzo. Kwa hiyo kwanza nunua diski nyingine nzima. Ukiwa nayo mkononi, ndipo uchomeke ile ya zamani na uanze na picha ambazo hazipo mahali pengine popote duniani: harusi za mwaka huu ambazo wenyewe hujawakabidhi. Nakili folda moja moja, usizikokote zote kwa mkupuo. Usifungue picha kuzitazama, wala usiendeshe programu ya kurekebisha makosa ya diski; hiyo huichosha zaidi. Za 2019 na 2020 zije mwisho, kwa sababu wenyewe walishapewa zao. Hata zikipotea kwako, ukiwapigia baadhi yao watakurudishia nakala. Si aibu, na wengi hufurahi kukumbukwa.

Ikigoma kuonekana kabisa, iache. Watatokea mafundi wa kuifungua kifuniko juu ya meza, penye feni na vumbi. Usikubali, chembe moja ya vumbi inatosha kuimaliza. Na yule atakayekwambia uiweke kwenye friza usiku mmoja, mshukuru, usimfuate. Kurejesha data kwenye diski iliyokufa ni kazi ya wenye chumba kisafi na vifaa vyake, na gharama yake ni kubwa kuliko diski kadhaa mpya.

Flashi ya elfu thelathini usiinunue. Bei hiyo kwa ukubwa huo haipo. Flashi hizo hupangwa ndani ziidanganye kompyuta: zinaandika terabaiti 2 kumbe kumbukumbu iliyomo ni ndogo mno. Utanakili, majina ya mafaili utayaona yote, ila siku ya kufungua picha utakuta hazifunguki, kwa maana kilichozidi kiliandikwa juu ya kingine au hakikuandikwa kabisa. Hata memori kadi za kamera zina balaa hilohilo. Ukinunua yoyote, kabla ya kuipeleka kazini ijaze yote na kuisoma tena kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac.

Sasa shida yako yenyewe, maana nafasi kwako si tatizo kubwa. Ulihamisha, ukafuta. Kabla ya kununua eksteno ulikuwa na nakala moja ya kila harusi, na baada ya kuinunua ukabaki na hiyohiyo moja, tena kwenye kitu kinachoweza kuanguka mezani. Sisi tuliotoka kwenye chumba cha giza cha kusafishia filamu, jambo hili lilitulinda bila hata kulifikiria: mteja aliondoka na picha, negativu ikabaki studio. Nyumba ya mteja ikiungua, negativu ipo. Ninyi wa dijiti mnapaswa kuyafanya kwa makusudi yale tuliyoyapata bure.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeueneza utaratibu wa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya pale unapofanyia kazi. Kwa mfuko wa studio ndogo mimi ningeanza hivi. Nunua diski mbili za kampuni tofauti, kwa sababu zilizotoka kiwanda kimoja kwa wakati mmoja zinaweza kuwa na kasoro moja na kufa kwa kukaribiana. Ya kwanza ikae studio. Ya pili ikae kwa dada yako au mzazi, mtaa mwingine, na uilete kila baada ya kazi chache kuongeza mapya. Zote mbili zichomoe ukimaliza kunakili. Umeme unaporudi kwa kishindo huweza kuondoka na laptopu pamoja na chochote kilichochomekwa, na virusi vya kufunga mafaili ili udaiwe fidia havichagui. Huko Tanga kwenye hewa ya chumvi, zitie kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Memori kadi usiifomati mpaka harusi iwe imeshafika kwenye diski zote mbili na umefungua picha za mwanzo, katikati na mwisho ukaziona kwa macho.

Google inafaa, lakini si kwa kila kitu. Ile hifadhi ya bure isiyo na kikomo ilikoma Juni 2021. Bure sasa ni gigabaiti 15, nazo unagawana na barua pepe zako. Tuseme umelipia nafasi zaidi: kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 500 zinataka siku 9 na ushee, usiku na mchana, bila kukatika. Na kukatika kupo. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania ilikaa na intaneti ya kusuasua, na mteja wa Jumatatu hajui habari za nyaya. Pandisha JPEG peke yake, yaani zile picha zilizominywa ulizokwisha kuzisafisha. Hiyo ndiyo nakala yako ya tatu.

Jingine ni kupunguza. Harusi moja ya picha 1,500 za RAW, yaani picha ghafi kama zilivyotoka kwenye kamera, zenye megabaiti 25 kila moja ni gigabaiti 37 na nusu, na humo mna wajomba waliofumba macho na MC aliyegeuka mgongo. Chagua, futa. Kwenye risiti andika wazi kwamba RAW unazitunza miezi 12 tu. Zile zilizosafishwa kaa nazo. Folda zako zianze na mwaka, mwezi, tarehe, kama 2023-06-17, zitajipanga zenyewe. Nina mashaka sasa hivi unazo tatu zinazoitwa “Harusi mpya”.

SWALI: Assalaam aleikum. Niko Maskati, simu imejaa picha za wanangu na za nyumbani Unguja. Nikizifuta kwenye simu, zilizoko Google Photos zitabaki?
Mama wa watatu

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Ukifuta ndani ya Google Photos picha iliyokwisha kupandishwa, inaondoka kote kuwili. Inakaa siku 60 kwenye kapu la takataka, kisha basi. Tumia ile sehemu ya kupata nafasi kwenye kifaa, humohumo kwenye programu: hiyo huondoa zilizoko kwenye simu peke yake, baada ya kuhakikisha zimepanda. Picha unazotumiwa WhatsApp hufika zimeminywa. Waombe wa nyumbani wakutumie zile muhimu kama faili la hati, zitafika na ubora wake wote. Na akaunti hiyo uwe unaifungua mara kwa mara, kwani Google hufuta zilizokaa miaka miwili bila kuguswa.