Kutoka Kambini Hadi Chuo Kikuu: Maswali na Majibu

Mimi ni mkimbizi; nimemaliza kidato cha nne katika kambi ya Kakuma na kupata B katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya. Je, naweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kama wenzangu Wakenya wa mji wa Lodwar?

Hapana. Mkopo wa HELB ni wa raia wa Kenya, hata kama mtihani mliofanya ni uleule. Alama yako inatosha, kwa sababu kuingia moja kwa moja katika shahada kunahitaji angalau C+, lakini karo itabidi uitafute kwingine. Mlango wa kwanza wa kubisha ni ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ambao hulipia karo, vitabu na sehemu ya gharama za kuishi. Nafasi ni chache mno kuliko waombaji: mwaka 2019 kiwango cha wakimbizi duniani waliokuwa katika elimu ya juu kilikuwa 1% tu, na lengo la UNHCR ni kukifikisha 15% ifikapo 2030. Kwa hiyo usikae ukisubiri jibu moja. Omba pia nafasi za stashahada, ambazo vijana wengi huzidharau bila sababu.

Binti yangu ana mtoto mchanga na hawezi kutoka kambi ya Dadaab. Asahau chuo?

Asisahau. Tangu mwaka 2013 mradi wa BHER (elimu ya juu kwa wakimbizi), uliounganisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi na vile vya York na British Columbia vya Kanada, uliwafikishia walimu wa Dadaab masomo ya stashahada na shahada papo hapo, baadhi kwa njia ya intaneti. Aulize ni kozi zipi zinazopokea wanafunzi kwa sasa. Lakini niseme wazi kwamba kikwazo kikubwa cha akina mama hawa kwa kawaida si intaneti. Ni nani atakayembeba mtoto saa za masomo, na hapo bibi una sehemu yako.

Nina Diploma ya Serikali ya Kongo. Itatambuliwa Kenya?

Cheti cha sekondari kutoka nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC), nawe utahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Anza mapema, kabla ya matangazo ya ufadhili kutoka, maana muda wa kuomba huwa mfupi. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inagusia utambuzi wa vyeti vya kigeni, ila haikupunguzii foleni.

Kuna mtu anadai pesa ili jina langu liingie katika orodha ya kwenda kusoma Kanada.

Usimpe hata shilingi. Programu ya WUSC, shirika la Kanada linalowapeleka wakimbizi kusoma huko, iliyoanza mwaka 1978 na kuchangiwa na wanafunzi wa vyuo vya Kanada wenyewe, huchagua kwa alama na usaili, na anayechaguliwa hufika akiwa mkazi wa kudumu. Huduma za UNHCR nazo ni bure, kwa hiyo mripoti mtu huyo katika ofisi ya malalamiko ya kambi.