Wasomaji Wanauliza: Je, Kongo ina wasio na kazi wachache kuliko Afrika Kusini?

*Jambo baba. Nilimaliza masomo ya uchumi UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na tangu hapo nauza makala, yaani mkaa, kwa mafungu mbele ya nyumba yetu. Mdogo wangu alinionyesha kwenye simu takwimu za Benki ya Dunia: Kongo, wasio na kazi ni kama asilimia 5. Afrika Kusini ni zaidi ya 30. Sasa mbona kaka zangu wawili wamekwenda Johannesburg kutafuta kazi, na sijaona mtu wa Johannesburg anayekuja kuitafuta hapa kwetu? Takwimu hizi ni za uongo? Na mimi wameniweka upande gani?*

*Msomaji wa kike, Katuba, Lubumbashi*

Jambo, binti yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine. Umehesabiwa upande wa wenye kazi. Hata ukiuza fungu moja la makala Jumatatu asubuhi, kisha wiki yote iliyobaki usiuze kitu, bado utaandikwa mwenye kazi.

Ndivyo kanuni inavyosema. Wanatakwimu wa kazi hukutana Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani. Maelezo ya nani hana kazi waliyaweka mwaka 1982, wakayafanyia marekebisho makubwa mwaka 2013. Mtu huitwa asiye na kazi akitimiza mambo matatu kwa pamoja: wiki inayoulizwa hakufanya hata saa moja ya kazi ya malipo au faida; katika wiki nne zilizopita alihangaika kutafuta; na akiitwa, yuko tayari kuanza ndani ya muda mfupi. Likikosekana moja tu, hahesabiwi.

Hiyo saa moja watu wengi huiona kama hila ya serikali. Siyo hila. Iliwekwa ili kila kazi inayoingia katika hesabu ya uzalishaji wa nchi ionekane pia katika hesabu ya watu, hata ikiwa ndogo namna gani. Kwa shughuli hiyo inafaa kabisa. Ubaya unaanza pale mtu anapoichukua namba iliyopatikana hivyo akaisoma kama kipimo cha maisha.

Mwaka 2012 nilikuwa miongoni mwa waliopita majumbani na fomu za ule uchunguzi unaoitwa 1-2-3, wa Taasisi ya Taifa ya Takwimu, INS. Katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, nilimkuta mzee amekaa chini ya mwembe, kando yake sanduku la mbao lenye redio zilizofunguliwa. Nikamuuliza kama wiki iliyopita alifanya kazi, hata saa moja tu. Akajibu papo hapo: "Mimi sina kazi tangu 2003." Fomu haimwachi mtu hapo, inaendelea kumchimba. Uliuza kitu? Ulitengeneza kitu cha kuuza? Ulimsaidia ndugu katika biashara yake? Ulimfanyia mtu kazi ndogo akakulipa? Tulipofika hapo akanyamaza, akatazama pasi ya umeme iliyokuwa juu ya sanduku. Ilikuwa ya jirani. Aliibadilishia waya Jumanne, akapewa franka 500. Nikaweka alama: ana kazi. Mke wake, aliyekuwa akikaanga vitumbua vya kuuza jioni, akaniuliza kama karatasi yangu ina mahali pa kuandika kwamba hizo franka 500 ndizo pekee mume wake alizoleta wiki nzima. Palikuwapo, mbele kidogo, kwenye kurasa za kipato. Lakini kurasa hizo hazisomwi redioni. Kinachosomwa ni ile alama.

Mwaka aliousema mzee yule, watu wa hapa hawahitaji kuelezwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 2003 haikufikisha hata 20,000. Ndipo ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakapewa pesa ya kuagana. Tangu enzi za Union Minière, iliyoitangulia Gécamines na kuanzishwa mwaka 1906, kampuni ndiyo iliyompa mfanyakazi nyumba, unga wa kila mwezi, shule ya watoto na hospitali. Mtu aliyepoteza vyote hivyo, umwambie kwamba ana kazi kwa sababu alifunga waya wa pasi? Mbele ya kanuni ya Geneva anayo. Mbele ya mke wake hana, na mimi nasema mke wake ana haki.

Sasa tazama namna asilimia yenyewe inavyopatikana, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Tuseme avenyu yenu ina watu wazima 100. Sitini walifanya chochote wiki iliyopita. Watano hawakufanya kitu lakini wanatafuta. Waliobaki 35 ni wanafunzi, wazee, wagonjwa, akina mama wanaolea, na vijana waliochoka kutafuta. Hao 35 hawaingii kwenye hesabu kabisa. Unachukua 5, unagawanya kwa 65, unapata karibu asilimia 8. Mwezi unaofuata, watatu kati ya wale watano wanaacha kutafuta, maana kila safari ya mjini ni nauli, fotokopi na kuambiwa urudi wiki ijayo. Sasa ni 2 kwa 62, asilimia 3 na kidogo. Ukosefu wa kazi umeshuka zaidi ya nusu, na hakuna hata mmoja aliyeajiriwa. Waziri anaweza kuutangaza mshuko huo bila kusema neno moja la uongo.

Kuhusu kaka zako: Afrika Kusini inatumia kanuni hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka 2021 kiwango chao kilizidi asilimia 35, na ukiwaongeza waliokata tamaa kilizidi 46. Namba hizo ni za kweli na zinauma. Lakini kule biashara ndogondogo za mitaani ni chache kuliko kwetu, na sababu moja ni sheria za ubaguzi wa rangi, ambazo kwa miaka mingi zilimzuia mtu mweusi kufungua biashara mjini. Kule pia kuna pensheni ya wazee, posho ya watoto, na tangu 2020 posho ya kila mwezi kwa asiye na kipato, iliyoanza na randi 350. Ni pesa ndogo, lakini kijana anaweza kukaa miezi bila kazi, akala kwa bibi, huku akitafuta. Hapa kwetu atakayekaa mwezi mzima akitafuta tu, nani atamlisha? Kwa hiyo anauza maji ya sacheti, anakuwa manseba, yaani anabeba abiria kwa pikipiki ya mtu mwingine, anakwenda Kolwezi kuchimba madini kwa mikono. Ana kazi. Asilimia yetu ni ndogo kwa sababu sisi hatuna uwezo wa kukosa kazi. Ni nchi maskini nyingi zinazoonekana hivyo, siyo Kongo peke yake.

Ukitaka kuona jinsi kanuni inavyoweza kugeuza picha bila maisha kugeuka, watazame majirani zetu wa Rwanda. Katika uchunguzi wao wa 2013/14 wasio na kazi walikuwa karibu asilimia 2. Mwaka 2017 wakawa karibu 17. Uchumi haukuanguka. Walianza kufuata marekebisho ya 2013, yanayosema kwamba anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani hahesabiwi tena kama mwenye ajira. Mama mwenye shamba la mahindi la kulisha watoto wake alitoka upande mmoja wa karatasi, jembe likiwa mkononi vilevile.

Hata penye pesa na mashine mambo haya hutokea. Marekani huuliza kaya kama 60,000 kila mwezi. Aprili 2020, corona ilipofunga kila kitu, walitangaza asilimia 14.7. Ofisi yao ya takwimu ikaeleza, katika taarifa hiyohiyo, kwamba watu wengi waliosimamishwa kazi kwa sababu ya corona waliandikwa kimakosa kama wenye kazi ambao hawakuwapo kazini, na kwamba bila kosa hilo kiwango kingekuwa juu kwa karibu pointi 5. Walilisema wenyewe, siku hiyohiyo. Hilo nalipenda sana. Pia hawatoi namba moja. Hutoa sita, na ile pana zaidi, inayoingiza waliokata tamaa na wanaopewa saa chache kuliko wanazotaka, mwezi ule ilikuwa 22.8.

Je, ile 5 yetu uliyoiona kwenye simu? Hiyo haikuhesabiwa mlango kwa mlango mwaka huu wala mwaka jana. Ni makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, yanayotumia chunguzi chache zilizopo na hali ya nchi nyingine kujazia miaka iliyo wazi. Na kumbuka kwamba sensa yetu ya mwisho ni ya mwaka 1984, tulipokuwa kama milioni 30. Leo tunakadiriwa kuzidi milioni 100. Mchunguzi akichagua mitaa ya kuuliza, anaanzia kwenye ramani ya nchi ambayo haipo tena. Hilo linanisumbua kuliko ile saa moja.

Kwa upande mwingine, wale wanaosema kwenye mikutano kwamba asilimia 80 ya Wakongo hawana kazi, nao waulizwe wamewahesabu wapi. Kumweka muuza makala na fundi cherehani pamoja na asiyefanya kitu ni kuwavunjia heshima.

Mwaka 2013 Geneva iliongeza vipimo vingine vinavyojumlisha wanaofanya kazi saa chache wakitaka zaidi, na wanaotaka kazi bila kuitafuta. Vinasaidia. Lakini angalia mahali vinapokuacha wewe, binti yangu. Unakaa na makala yako tangu asubuhi mpaka giza. Saa unazo, tena nyingi mno, kwa hiyo hata kipimo cha saa chache hakikuoni. Una diploma ya uchumi inayokaa sandukuni, na hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachoiuliza. Kwa mji kama huu namba ya kuidai ni nyingine: mtu anapata franka ngapi kwa saa aliyofanya kazi, analipwa na nani, na alisomea nini. Maswali hayo yamo kwenye fomu, niliyauliza mwenyewe. Tudai majibu yake yatangazwe redioni kwa sauti ileile inayotangaza asilimia.

*Jambo. Watu wenye fomu walipita kwetu wakauliza kila kitu tunachouza na kazi tunazofanya. Mimi nauza unga, mafuta na nyanya, na mume wangu hufanya saa chache kwenye karakana ya shemeji. Lakini akawaambia hatufanyi chochote, akiogopa kodi. Alifanya vizuri?*

*Mama wa Ruashi*

Mama, woga wake ninauelewa. Mara nyingi anayebisha mlangoni na karatasi huondoka na pesa. Lakini mchunguzi wa takwimu anafungwa na siri: majibu yenu hujumlishwa na ya watu wengine, na jina lenu halipelekwi kwa watoza kodi. Mwombe kwanza kitambulisho na odre ya misioni, yaani barua ya kutumwa kazini, yenye muhuri. Akidai hata franka moja, huyo si wa takwimu, mfungie mlango. Akiwa wa kweli, mwambie unga, mafuta, nyanya, na zile saa za mume wako kwenye karakana ya shemeji, na faida iliyobaki mwisho wa wiki, hata ikiwa haikubaki kitu.