Mahakama inataka nipimwe mguu tena. Niende?

SWALI: Mimi ni muuza samaki. Matatu niliyopanda iligonga lori, nikavunjika mifupa miwili chini ya goti, nikatiwa vyuma. Daktari wa upande wangu aliandika ulemavu wa kudumu asilimia 20, wa bima akaandika 5. Sasa hakimu ameamuru nipimwe na daktari wa tatu, wa hospitali ya serikali. Jamaa aliyenipeleka kwa wakili ananikataza, eti nitapunguziwa fidia.
Muuza Samaki, Likoni

JIBU: Pole sana dada yangu. Nenda, tena siku ile ile uliyopangiwa. Hakimu hawezi kukuburuta hadi kwa daktari, lakini anaweza kuisimamisha kesi mpaka ukubali. Msimamo huo ni wa zamani. Mahakama ya Uingereza iliuweka wazi mwaka 1969 katika kesi ya Edmeades. Kesi ikisimama, bima haipotezi kitu. Anayekaa na njaa ni wewe, na hili huniuma kila nionapo madalali wa kesi wakiwatia watu hofu.

Usidhani lazima mmoja kati ya madaktari wale amedanganya. Huenda wa kwanza alikuona goti likiwa bado limekaza, na wa pili akakuona mfupa umeshaunga. Wa tatu atakukunja goti na kifundo, atakupima urefu wa miguu yote miwili kwa utepe, na mzunguko wa shavu la mguu, kwani mguu usiotumika hunywea misuli. Ndiyo maana usichechemee kuliko unavyochechemea, utepe utakuumbua. Mweleze kazi yako ilivyo: kusimama kutwa, kuteremka kwenye feri na beseni kichwani, na mahali hasa maumivu yanapoanzia. Wengi husema tu "nasikia uchungu", na daktari huandika hivyo hivyo.

Asilimia nayo isikunyime usingizi. Kenya hatuna jedwali la kusema asilimia moja ni shilingi kadhaa. Hakimu huangalia majeraha yote na fidia iliyotolewa kwa majeraha kama hayo kwenye kesi zilizotangulia. Ripoti ya daktari humsaidia, haimfungi, na wakili wako anaweza kuomba daktari aitwe ahojiwe.

Kubwa zaidi ni vyuma. Muulize daktari kama vitatolewa na kwa gharama gani, aandike. Kisha mbane wakili: je, gharama hiyo imo kwenye hati ya madai? Kama haimo, aombe ruhusa ya kuirekebisha kabla ya hukumu, maana usichokidai kwa maandishi ni vigumu kupewa.

Beba kitambulisho, picha za eksirei za mwanzo hadi za mwisho, karatasi za kuruhusiwa hospitali na nakala ya P3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Na yeyote akikupa karatasi inayotaja kupokea pesa na kufunga madai, usiweke sahihi wala kidole kabla wakili hajaisoma.