Nasoma siasa, mjomba asema nangoja uheshimiwa

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko mwaka wa pili, nasoma sayansi ya siasa kwa chuo kidogo tu, darasa zima twaenea kwa meza mbili. Mjomba asema hio si elimu, nangoja kugombea tu. Nihamie ualimu? Msomi, Langoni, Lamu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihame! Darasa dogo ni bahati, insha yako yasomwa na mwalimu mwenyewe mpaka yarudi imejaa wino mwekundu. Mjomba naye achanganya kampeni na masomo (wengi tu wako hivo). Sasa wewe shika katiba ya 2010, kifungu cha 196 chasema bunge la kaunti lifanye vikao wazi, basi nenda kakae kwa viti vya wananchi humo bungeni uandike nani kauliza nini kuhusu bajeti na nani kasinzia. Na mada ya utafiti unayo mlangoni, bandari ya LAPSSET (ule mradi wa bandari, barabara na reli wa kuunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia), ile kesi ambayo 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi walioathiriwa na bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, waulize wazee wa mashua ilikuwaje baadaye. Takwimu usizikimbie, waajiri wazitaka sana. Ualimu ukikushika moyo sawa, lakini si kwa maneno ya barazani.