Kabla uitishe antibayotiki ya kikohozi pale kemisti

Nimeuza dawa hapa Kondele miaka mingi sasa, watu huniita daktari na mimi si daktari, nilisomea famasia tu, na kila mvua ikianza Kisumu naitishwa kitu kile kile: "Daktari nipee zile za rangi mbili, za mia, kifua imenibana." Za mia! Yaani mtu ameshajipimia dozi kwa pesa iko mfukoni, na ukimwambia hayo ni mafua tu anakuangalia kama umemnyima haki yake, anavuka barabara anauziwa kwa jirani bila kuulizwa cheti.

Watu husema ukimeza sana mwili unazoea dawa. Si mwili, ni bakteria. Ingekuwa mwili wako si basi ingekuwa shida yako peke yako.

Sikia hii. Bakteria mkubwa wa niumonia anaitwa numokokasi, na huyo hangoji uwe mgonjwa, anaishi tu puani na kooni kwa watoto wenye afya yao wanaocheza nje huko. Mafua yenyewe ni virusi, amoksilini, antibayotiki mnayoitisha sana, haivigusi hata kidogo, lakini ukimpa mtoto inawapata hao wa puani, wale dhaifu wanakufa na wale sugu wanabaki na shamba lote ni lao, kama mtu amepalilia mahindi akaacha lile gugu la kayongo. Halafu mtoto anamkoholea mdogo wake usoni, tayari amempa hao sugu, na huyo mdogo hajawahi kumeza hata kapsuli moja. Siku akishikwa na niumonia ya ukweli ndio mnashangaa mbona dawa haishiki.

Septrini, ile antibayotiki ya zamani, mnaikumbuka? Zamani niumonia ya watoto ilikuwa inatibiwa nayo, siku hizi kwanza ni amoksilini. Na wakati wa Korona azithromisini, antibayotiki nyingine, ilienda kama peremende, Uingereza wakaijaribu kwa wagonjwa waliolazwa wakaona haiwasaidii, na bado mpaka leo naletewa pakiti tupu, "nipee kama hii".

Sasa ufanye nini. Mtoto akikohoa, usianze na dawa, mfunue kifua akiwa ametulia, si akilia wala akinyonya, weka simu hapo ikuhesabie dakika moja nzima, uhesabu vile tumbo linapanda. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni mbio. Miezi miwili hadi mwaka ni 50, mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Zikifika hapo, au kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu akivuta, au hawezi kunyonya, toka uende hospitali, usipitie kwangu hata. Kama hakuna hayo na anacheza, mpe vinywaji vya moto kiasi, maziwa ya mama, asali kidogo kama ameshapita mwaka, na uvumilie, kikohozi cha mafua kinaweza kuvuta hata wiki mbili tatu.

Na chanjo ya numokokasi ile ya wiki ya 6, 10 na 14 msiruke, Kenya tuko nayo tangu 2011 na ni bure. Mtoto asiyeugua hahitaji dawa, ni hivyo tu.

Kuna dani mmoja, nyanya wa hapa, huwa anaweka zile kapsuli zimebaki kwa kikopo cha Blue Band, mjukuu yeyote akipiga chafya anapewa mbili. Dani, na heshima zote, tupa hiyo kitu.

Mtu mzima naye, kikohozi kikipita wiki mbili, na hasa kama unatoa jasho usiku na nguo zimeanza kukulegea, usinunue antibayotiki ya tatu, huenda ni TB. Kuna zingine kama levofloksasini zinatuliza TB kidogo tu, unaona umepona, kumbe kipimo ndio kinacheleweshwa na nyumba nzima inaendelea kuvuta hewa yako. Peleka makohozi hospitali ya serikali, hawakutozi.