Mgongano wa ratiba hukaa kwenye makabidhiano

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mratibu wa miradi katika kampuni ya ujenzi hapa Dar es Salaam, na kinachoninyima usingizi si kuandaa ratiba ya mradi mmoja, bali kujua ni lini ratiba hiyo imeingilia ya mradi mwingine. Ratiba tatu zinaweza kuwa sahihi kila moja peke yake, zikapitishwa na wahandisi watatu makini, na bado zisitekelezeke kwa pamoja.

Nililijua hili kwa gharama. Masika ya mwaka mmoja tulikuwa na jengo la ofisi Mikocheni, nyumba za wafanyakazi Kigamboni na ghala Mbagala. Mvua ilisimamisha kazi Kigamboni kwa siku nne, na msimamizi wa saiti, kwa nia njema kabisa, akasogeza tarehe ya kumwaga zege katika faili lake. Tarehe mpya ikaangukia Jumamosi ileile ambayo Mikocheni walipanga kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili, wakati pampu ya zege tuliyokodi ilikuwa moja. Asiyewahi kusimama juu ya slabu angependekeza pampu ifanye Mikocheni asubuhi na Kigamboni mchana. Lakini slabu ikishaanza kumwagwa haiachwi katikati, mabomba ya pampu lazima yaoshwe kabla zege halijagandia ndani, na safari ya kutoka Mikocheni hadi ng'ambo ya Daraja la Nyerere haina saa ya uhakika. Tuligundua Ijumaa jioni, nondo zikiwa zimeshafungwa pande zote mbili na vibarua wameshaitwa.

Tuliipa Kigamboni pampu, Mikocheni wakasubiri siku sita. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu ratiba ya Mikocheni ilionyesha siku kumi za akiba kwenye kazi zilizofuata slabu ile, ikiwamo kutoa mirunda, yaani nguzo za muda zinazoibeba slabu. Tulichosahau ni kwamba mirunda hiyohiyo ndiyo iliyotakiwa kushikilia slabu ya jengo la pili Kigamboni, na haiwezi kutolewa mpaka mhandisi aridhike kwamba zege limepata nguvu ya kutosha. Vipande vya majaribio hupimwa siku ya 7 na siku ya 28, na zege halijui kwamba una haraka. Katika faili la Kigamboni mirunda haikuwa hata kazi. Ilihesabiwa kama vifaa vilivyopo stoo. Kwa hiyo Kigamboni, waliopewa pampu kwa upendeleo, ndio waliokaa siku sita wakiangalia mbao. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 wahandisi wamekuwa na hesabu ya kutafuta mfuatano wa kazi ambazo moja ikichelewa mradi mzima unachelewa, lakini hesabu hiyo ikifanyika ndani ya faili moja tu, huziita za akiba siku ambazo mradi jirani umeshazitumia.

Baada ya hapo niliacha kutafuta migongano ndani ya ratiba, nikaanza kuandika makabidhiano peke yake. Ni jedwali la kawaida la Excel, halizidi mistari ishirini na kitu, na linahusu tu vitu vinavyotoka mradi mmoja kwenda mwingine: pampu, mirunda, fundi umeme, jenereta, michoro inayosubiriwa. Kila mstari una mtoaji, mpokeaji na tarehe mbili: ile ambayo mtoaji anaamini atatoa, na ile ambayo mpokeaji anaamini atapokea. Ninawauliza kila mmoja kwa wakati wake, bila kumwonyesha tarehe ya mwenzake, kwa sababu ukiwaonyesha watakubaliana kwa heshima tu. Tarehe zikitofautiana, mgongano umejitaja wenyewe.

Programu zinasaidia, ila kwa masharti. Microsoft Project inaweza kuunganisha kazi ya faili moja na ya faili jingine, na tarehe zikibadilika hukuonyesha tofauti ukifungua faili, ikusubiri uikubali. Nimeona watu wakikubali zote kwa kubofya mara moja bila kusoma. Nimeona pia faili likibadilishwa jina kuwa "ratiba mpya ya mwisho", kiungo kikakatika, na tarehe ya zamani ikaendelea kukaa pale kwa wiki tatu kana kwamba ni ya kweli.

Sikukuu ziwekwe katika kalenda moja ya miradi yote. Sabasaba inajulikana, ni tarehe 7 Julai, lakini Idi inategemea mwezi kuandama, kwa hiyo simwagi slabu kubwa siku yoyote kati ya zile mbili zinazotarajiwa, hata nikibembelezwa.

Kila Jumatatu tunakutana dakika ishirini na kujadili mistari yenye tarehe zinazopishana tu. Habari za maendeleo zina kikao chake. Anayetaka kutumia siku zake za akiba anasema hapo, kabla hajazitumia. Mwanzoni wasimamizi waliona ni kama kuomba ruhusa ya kutumia mali yao wenyewe, na mmoja alinuna mwezi mzima. Wiki hii mstari wa mirunda unapishana kwa siku tatu, na safari hii ni yeye aliyenipigia simu kuniambia.