Seli 1,100 kwenye konea: mama apasuliwe au asubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, miaka 68, ana mtoto wa jicho. Kabla ya upasuaji alipigwa picha ya seli za konea. Karatasi ya jicho la kulia inaonyesha CD (idadi ya seli kwa kila milimita ya mraba) 1,100, na picha ina madoa meusi. Akiamka anaona ukungu, mchana unapungua. Tumeambiwa tusubiri. Seli hizo zinahusikaje na mtoto wa jicho?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Konea ni kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Upande wake wa ndani una safu moja tu ya seli, na kazi yao ni kusukuma maji yatoke ili kioo kisivimbe. Mtu mzima huwa nazo kama 2,500 kwa kila milimita ya mraba. Zikifa hazizaliwi nyingine. Za jirani hutanuka kuziba pengo. Zikishuka hadi 500 hivi, konea huanza kuloa. Upasuaji wa mtoto wa jicho nao huua baadhi yake, ndiyo sababu zinahesabiwa kwanza.

Huo ukungu wa asubuhi ni dalili nzito. Usiku kope zimefumba na maji ya konea hayapati pa kukaukia. Akishaamka hukauka taratibu. Ukijumlisha na madoa meusi, ambayo ni vinundu vilivyoota chini ya seli, lazima tufikirie ugonjwa wa Fuchs, ambao huua seli hizi polepole, ulioelezwa na Ernst Fuchs wa Austria mwaka 1910.

Hata hivyo, msiiamini 1,100 kabla ya kutazama palipoandikwa NUM, yaani seli ngapi zilihesabiwa. Zikiwa 20 au 30, kipimo kirudiwe. Zikikaribia 100 kina uzito. Mashine huchora yenyewe mipaka ya seli, na penye madoa hukosea: hulihesabu doa kama seli moja kubwa, au huunganisha mbili. Mpimaji aifute mistari hiyo, kisha aweke nukta kwa mkono katikati ya kila seli inayoonekana wazi. Zipigwe picha tatu, na mama apepese macho kabla ya kila moja, kwani jicho kavu hutoa picha hafifu. Mashine haigusi jicho. Tazameni pia HEX, yaani asilimia ya seli zenye pembe sita: ikiwa chini ya 50, seli nyingi zimepoteza umbo lake la pembe sita.

Namba hiyo peke yake haizuii upasuaji. Mpasuaji akijua mapema hutumia jeli ya kukinga seli na kupunguza nguvu ya mawimbi ya sauti yanayomvunja mtoto wa jicho. Mama naye aelezwe kwamba huenda baadaye akahitaji kupandikizwa safu hiyo ya seli za konea. Lakini mtoto wa jicho akiachwa akakomaa huwa mgumu, na kumvunja huua seli nyingi zaidi. Kwa hiyo mwulizeni daktari wake mnasubiri nini hasa, na unene wa konea upimwe asubuhi, ukungu ukiwa bado upo.